Ami, usimpe zile kurasa

London, Jumapili usiku

Ami yangu, shikamoo.

Baada ya salamu, mimi ni mzima, baridi tu ndiyo adui. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Yule mnunuzi karudi, kakaa barazani mpaka adhuhuri, na safari hii hautaki msahafu wa Babu wote. Ataka kurasa za mwanzo tu, zile zenye nakshi nyekundu na manjano.

Nisamehe kukujibu, nawe ndiye uliyenilea. Usimpe. Wenye kujua wakiziona rangi hizo huwaza Siyu mara moja, ule mji wa kisiwa cha Pate uliokuwa ukinakili misahafu. Na biashara yenyewe ndivyo ilivyo: kitabu kizima wateja wake wachache, lakini ukurasa mmoja ndani ya fremu hutundikwa na yeyote. Basi wauzaji hukata uzi ulioshona kitabu, wakauza karatasi mojamoja.

Fungua, utazame chini kushoto kwenye kurasa za mkono wa kulia. Utaona neno moja limekaa peke yake. Mimi nilidhani mwandishi kakosea. Kumbe ndilo neno linaloanza ukurasa wa pili yake, ili uzi ukikatika mtu ajue karatasi gani yafuata ipi. Na nyuma kabisa, kwa mkono wa Babu, pameandikwa siku uliyozaliwa wewe na aliyozaliwa marehemu Baba. Hiyo mnunuzi hakuitaja, sivyo?

Usinambie mbona hata Muhamadi Kijuma, yule mwandishi wa Lamu, aliwaandikia Wazungu. Kweli, alinakili tenzi nyingi kabla ya kufariki 1945, na nyingine ziko hapa London, chuo cha SOAS, nimezishika. Lakini zile aliziandika ili ziende, na jina lake limekwenda nazo. Tena sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 yataka kibali kabla ya kitu cha kale kutoka Kenya. Muulize kama anacho.

Msahafu utoe kashani, kuna unyevu. Uweke kwenye kidaka cha juu, uufunge kwa kitambaa cha pamba, si nailoni. Na selotepu, tafadhali Ami, hata kidogo.

Kuna jambo sijapata kukwambia. Kile kitabu cha tenzi kilichopungua karatasi ya mwisho, ukamgombeza kaka yangu, ni mimi. Ilikuwa tupu, nikaifanya tiara. Ilipopanda juu ya bandari jua likapita ndani yake, nikaona miezi mitatu myembamba imejipanga, mkubwa, wa kati, mdogo. Nikanyamaza, nikajua nimefanya dhambi. Wiki iliyopita mwalimu kaweka karatasi ya kale juu ya kioo chenye taa, na miezi ni ile ile. Alama ya viwanda vya Italia, vilivyokuwa vikiuza karatasi zao nchi za Waislamu. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje.

Kaka niombee radhi kwake. Nitampigia mwenyewe Ijumaa.

Mwanao