Kabla hujaingia Kongowea na hojaji

Mombasa

Rafiki yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Ama baada ya salamu, nimeisoma rasimu yako kuhusu vyama vya kuweka akiba vya akina mama wa soko la Kongowea, unapouliza kama kujiunga na chama kunainua biashara ya mama. Swali lako ni zuri mno, ndiyo maana sitaki uliharibu. Ulivyolipanga, hakuna jibu linaloweza kukupinga.

Kwa upande wa chama, unawahoji wanachama wa sasa tu. Na waliojitoa biashara zilipoanguka? Waulizie kwa waweka hazina. Wasipokuwemo, chama kitaonekana kinatajirisha kwa kuwa waliofilisika hawakuhesabiwa. Tena usiende adhuhuri pekee, wauza jumla huanza alfajiri.

Watu 30 kila upande, walio chamani na wasio chamani, ni wachache. Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuinasa tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi takwimu zinavyotawanyika kutoka wastani), unahitaji kama 64 kila upande.

Linalonitia hofu zaidi ni vile vipimo 20 vya matokeo. Hata kama chama hakisaidii kitu, ukipima kila kimoja kwa kiwango cha 0.05, yaani kukubali nafasi moja kati ya 20 ya kudanganywa na bahati, na vikiwa havitegemeani, uwezekano wa angalau kimoja kukudanganya ni asilimia 64. Nawe utakipenda hicho hicho! Chagua kimoja, mathalani faida ya wiki. Andika utakavyokichambua na matokeo gani yatakufanya uiache dhana yako, kisha usajili mpango huo wenye tarehe kabla ya mahojiano ya kwanza. Vilivyobaki viite vya kudadisi.

Faili ghafi, lenye majibu kama yalivyokusanywa, usiliguse kamwe. Kila marekebisho yawe kwenye skripti, yaani amri za kompyuta zilizoandikwa, ili mwingine aweze kurudia. Unaukumbuka utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, wa Edward Miguel na Michael Kremer, uliochapishwa 2004? Watafiti wengine walipewa data, wakarudia hesabu, na mwaka 2015 wakaeleza kosa la programu katika kukadiria athari kwa shule za jirani. Waandishi walilikubali kosa, ingawa walibishana vikali juu ya uzito wake. Bila data na programu kutolewa, kosa lile lingelala humo hadi leo.

Skripti yako mpe mtu asiyeiamini dhana yako. Na mahojiano yaishe kabla ya Ramadhani, au yaanze Idi ikishapita siku kadhaa, maana mauzo ya mwezi huo hayafanani na ya miezi mingine.

Nitumie hojaji mpya nikusomee.

Wasalaam,
Rafiki yako