Bei za majarida ya mtandaoni zije kabla ya bajeti

Mhariri,

Kila Januari, wanafunzi wanaoandika tasnifu hufungua jarida la kielektroniki wakakuta ukurasa unaowataka walipie makala kwa dola, ilhali fedha za maktaba zilishapitishwa tangu Juni. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Leseni nyingi za majarida huanza Januari 1. Bei mpya hufika Oktoba au Novemba, maktaba ikiwa imeshakisia zamani. Bei ikizidi makisio, faili hurudi kwa afisa ugavi, liende tena uhasibu, na huduma inakatwa likiwa bado mezani.

Wachapishaji watupe kiwango cha juu cha bei kabla Februari haijaisha, hata kama bei kamili itafuata. Mkataba nao useme kwamba huduma haikatwi kwa siku 90 baada ya leseni kuisha, mradi chuo kimethibitisha kwa maandishi kuwa kinaendelea.

Jambo linalogombanisha watu zaidi ni kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini. Tuseme ankara ya muuzaji wa nje ya nchi ni dola 20,000. Chuo kinakata asilimia 15 kama sheria inavyotaka, muuzaji anapokea 17,000, na mfumo wake unaandika kuwa deni halijaisha. Hakuna aliyeiba. Ila mkataba haukusema nani anabeba kodi hiyo. Ikiwa ni chuo, kiasi cha kuombea bajeti ni 20,000 gawanya kwa 0.85, yaani takriban 23,529, na hapo ada za benki bado. Yaandikwe haya kabla ya kusaini, na muuzaji apewe cheti cha kodi iliyokatwa.

Nasi wakutubi tuna deni letu. Chuo kikihamia mtoa intaneti mwingine, anwani za IP, yaani namba ambazo mchapishaji huzitumia kuutambua mtandao wa chuo, hubadilika. Asipojulishwa mchapishaji, kampasi nzima inafungiwa nje na lawama zinaangukia malipo.

COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti nchini, ndio wa kuyasimamia madai haya, kwa kuwa chuo kimoja kikidai peke yake hakina nguvu. Kila maktaba iende kikaoni na ripoti za COUNTER (kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi ya majarida ya mtandaoni) za miezi 12, zikiwa na makala zilizosomwa na pia maombi yaliyokataliwa kwa kukosa leseni. Hayo yaliyokataliwa ndiyo yanayoonyesha wasomaji wanahitaji nini, na mazungumzo yaanzie hapo badala ya kifurushi alichokipanga muuzaji.

Wakutubi wa vyuo vikuu,
Dar es Salaam