Kwa wari wangu: nililoacha kuwafunda

Wanangu mlioko Ngamiani, Makorora na Chumbageni, na nyinyi mlioolewa mbali, Muheza na Pangani,

Asalaam aleikum.

Mlipokaa mkekani mbele yangu niliwafunda mengi, na zaidi ya yote niliwafunda kuvumilia. Lakini mimi nilikuwa pia muuguzi wa wagonjwa wa akili kwa miaka mingi, na niliyoyaona wodini sikuyaleta mkekani. Kosa ni langu.

Jumanne ya juzi mmoja wenu alikuja kunisalimu. Akaketi barazani, simu mapajani. Nikamtilia kahawa. Kabla hajakinyanyua kikombe simu ikaita: "Uko wapi?" Akajibu. Ikaita tena: "Nipigie picha hapo ulipo." Akaupiga picha mlango wangu, akatuma. Mara ya tatu nikapewa simu mimi, nithibitishe kuwa ni mimi. Sauti ya mumewe ilikuwa inatetemeka, na si kwa hasira tu. Ilikuwa na hofu ya mtoto aliyepotezana na mama yake soko la Mgandini. Mwari wangu akaondoka mbio, kahawa hakuionja, kanga yake akaisahau kitini.

Hofu ile ndiyo ninayotaka muijue. Wapo watakaosema ni wivu, wapo watakaosema ana jini mahaba. Huenda ni maradhi. Kuna tatizo la haiba ambalo madaktari huliita la mpakani, jina lililotokana na Adolf Stern, daktari wa New York aliyeandika mwaka 1938 juu ya wagonjwa aliowaona wamesimama mpakani baina ya aina mbili za maradhi ya akili. Leo daktari hutazama dalili 9, na zinazodumu zikifika 5 ndipo hulitaja: hofu kubwa ya kuachwa, kumpenda mtu kupita kiasi na kumchukia kesho yake, hasira isiyozuilika, utupu moyoni, kujiumiza, na nyinginezo. Kulitaja ni kazi ya daktari, msiwabandike waume zenu. Na wanawake pia linawapata, nimewauguza.

Lenu ni kuutambua mzunguko wake. Wiki hii wewe ni malaika, anawaambia wenzake hajawahi kuona mke kama wewe. Ukichelewa nusu saa kwa mama yako, umekuwa adui, hukumpenda tangu siku ya kwanza. Usiku analia magotini pako, asubuhi unaletewa mkate wa kumimina wa moto. Na yote hayo huyasema kwa dhati kila anapoyasema. Hapo ndipo mnapochanganyikiwa, maana mnatafuta uongo na hamuuoni.

Basi jitazameni nyinyi. Ukiusikia mlio wa pikipiki yake, tumbo linakukaza, unasikiliza anavyofunga geti ili ujue leo ni nani anayeingia? Unaomba radhi kwa usilolitenda? Umeacha kikoba, umeacha kwenda kwa dada yako, na mama ukimwambia "tuko salama" unajua unamficha? Huko si kuvumilia, mwanangu. Umekuwa dawa yake, na dawa yenyewe haimponyi, kwa sababu kila unapojifungia ndani ili atulie, hofu yake inajifunza kwamba ilikuwa kweli.

Mwambie, "Nakwenda kwa mama, nitarudi saa kumi." Nenda. Usijibu simu kumi. Saa kumi rudi, kama ulivyosema. Mwanzoni atapandwa na hasira zaidi, nawaambia mapema. Ila hasira isifike mkononi: akikupiga, ugonjwa haumhalalishii. Ondoka kwanza, nenda dawati la jinsia polisi, mengine yatazungumzwa baadaye.

Na akisema, "Ukiniacha najiua"? Msilichukulie kuwa maigizo. Wenye maradhi haya hujiua kweli. Wala msiifanye siri ya chumbani. Usiku huohuo waite ndugu zake, apelekwe hospitali, Bombo haiko mbali. Kumwahidi kwamba hutatoka tena nyumbani si matibabu.

Matibabu yapo. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, alibuni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mgonjwa kuistahimili hofu bila kuitii, na mwaka 2011 alisema hadharani kwamba ujanani yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili, akijiumiza. Wengi hupata nafuu miaka ikienda. Kwetu huku wauguzi na madaktari wa akili wapo, hata Lutindi kule milimani Korogwe, hospitali iliyoanza kuwahudumia wagonjwa hawa tangu enzi za Wajerumani.

Na wewe wa Jumanne, kanga yako nimeifua, ipo kabatini. Njoo uichukue. Kama mumeo atakubali, njoo naye. Nitamtilia kahawa na nitamsikiliza kama nilivyowasikiliza wagonjwa wangu. Akikataa, njoo peke yako, na simu uiache mlangoni.

Somo wenu,
Ngamiani, Tanga