Barua kwa Idrisa kuhusu misheni ya Paris

Ndugu yangu Idrisa,

Salaam aleikum. Natumaini nyumbani wote wazima.

Unauliza kwa nini kila ukimaliza misheni ya Paris kwenye Hitman, ile gemu ya muuaji wa kukodiwa, nyota hazifiki tano, na walengwa wako, Novikov na Margolis, wote umeshawamaliza. Kuua ndiyo kazi nyepesi. Ili upate Silent Assassin, yaani daraja la juu la nyota tano, asife mtu mwingine yeyote, asikushtukie mtu, mwili usionekane, na kamera isibaki na picha yako. Ukiharibu moja tu, basi.

Kosa lako naliona kwenye mavazi. Unavaa nguo za mlinzi, unadhani sasa unapita popote. Nguo zinakupitisha mlangoni, lakini kila kundi lina watu wanaojuana sura. Shikilia kitufe cha R1 cha PlayStation utazame vichwani: mwenye kidoti cheupe ndiye atakayekutambua kwa vazi ulilonalo. Ukibadili nguo, vidoti vinahamia kwa watu wengine, kwa hiyo tazama upya kila unapobadili. Akikukaribia mwenye kidoti, usikimbie. Zunguka nyuma ya ukuta, au tafuta mahali pa kujichanganya. Ukiwa umevaa kama mhudumu wa baa, unaweza kusimama kaunta ukajishughulisha na kazi, na hapo mwenye kidoti anapita bila kushuku.

Raundi ya kwanza usiguse kitu. Mfuate Novikov kwa mbali mpaka arudi alipoanzia, uone anasimama wapi na mlinzi wake anakaa upande gani. Unachelewa dakika chache tu.

Kwa Novikov mimi nakushauri baa. Ana kinywaji chake anachokipenda, Bare Knuckle Boxer. Unahitaji maelekezo ya kukichanganya, nguo za mhudumu wa baa, na sumu ya panya. Sumu hiyo haiui, inatapisha. Akishakunywa atashika tumbo na kukimbilia chooni, na wewe usimfuate mguu kwa mguu. Subiri ainame, kisha tazama mlinzi wake yuko wapi. Akiwa anaona mlango, rusha sarafu mbali, upande ambao itambidi akupe mgongo, maana anayeisikia huenda pale ilipoangukia. Hapo ingia, mzamishe Novikov kwenye maji ya choo. Gemu inahesabu kuzama kuwa ni ajali, na mwili wa aliyekufa kwa ajali ukionekana hupotezi kitu. Ukimnyonga kwa waya palepale, itakubidi umburute na umfiche, na choo kina wapita njia.

Margolis yuko juu, kwenye mnada, na ulinzi wa huko ni mkali. Njia laini ni Helmut Kruger, mwanamitindo anayefanana sana na 47, yule muuaji unayemchezesha. Anapojitenga kuongea na simu, mkabe mpaka azirai, usimuue, kisha mtie kwenye sanduku au kabati lililo karibu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: aliyezirai akikutwa, huo ni mwili umeonekana, tena akiamshwa anaanza kusema. Kabati linabeba watu wawili, kwa hiyo kabla ya kumkaba mtu wa tatu ujue utamweka wapi. Ukishavaa nguo za Kruger, nenda upakwe vipodozi, pita jukwaani, na Margolis mwenyewe atataka kukuona.

Kamera zisikutie hofu. Zikikunasa ukifanya lisiloruhusiwa, tafuta chumba cha ulinzi uharibu kinasa picha, na ushahidi wote unafutika hata kama ulirekodiwa mwanzoni kabisa.

Kuhusu viwango vya ugumu, baki Professional kwanza, usiende Master ambayo ni ngumu zaidi. Hapo unasevu utakavyo, na sevu ya maana ni ile ya kabla ya kumkaba mtu. Master inakupa sevu moja kwa misheni nzima, kamera zinaongezeka, na ukiua kwa kumwaga damu nguo ulizovaa zinaharibika.

Jambo moja kwa sisi tunaonunua bando: gemu hii inataka intaneti muda wote ukitaka ikuhesabie kila kitu. Bila mtandao misheni inachezeka, ila changamoto hazihesabiwi na vifaa vipya havifunguki, na sevu uliyoweka ukiwa mtandaoni haifunguki ukiwa nje ya mtandao. Angalia bando kabla hujaanza.

Wakishakufa wote wawili, usikimbilie lango ukiwa na bunduki mkononi. Ifiche, tembea kama mgeni aliyechoka na sherehe, utoke.

Ukikwama tena, niandikie ulikuwa umevaa nini na nani alikushtukia. Hayo mawili yananitosha kujua ulipokosea. Msalimie mama.

Wako,
Saidi