Kuogelea hakuwaokoi makinda wa pengwini

Mhariri,

Makala ya mazingira mliyoichapa juma lililopita ilidai kwamba kuyeyuka kwa barafu hakuwezi kuwadhuru pengwini, kwa kuwa ni waogeleaji hodari. Kwa pengwini aliyekomaa dai hilo lina ukweli. Kwa kinda halina, na kwenye makinda ndiko uliko msiba wenyewe.

Pengwini kaisari, aliye mkubwa kuliko pengwini wote, huzalia juu ya barafu ya bahari iliyoshikamana na pwani ya Antaktika, tena katikati ya majira ya baridi. Jike hutaga yai moja mwezi Mei au Juni, akamkabidhi dume na kurudi baharini kutafuta chakula, naye dume hubaki amelipakata yai juu ya miguu yake kwa siku zipatazo 65 bila kula chochote. Kinda akianguliwa huwa na manyoya laini yanayozuia baridi lakini hayazuii maji. Manyoya yasiyopenya maji hayakamiliki hadi karibu na Desemba. Barafu hiyo, basi, haina budi kudumu tangu Aprili hadi mwisho wa mwaka. Ikikatika mapema, makinda hutumbukia wakazama, au hulowa wakafa kwa baridi.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022 katika Bahari ya Bellingshausen, magharibi mwa Rasi ya Antaktika. Watafiti wa Uingereza, ambao huwatambua ndege hao kwa madoa ya kinyesi chao yanayoonekana katika picha za setilaiti, walishuhudia barafu ikitoweka chini ya makundi kabla ya makinda kukomaa, na kati ya makundi 5 waliyoyafuatilia, wakaona kuwa katika 4 yaelekea hakuna kinda hata mmoja aliyenusurika.

Nakiri kwamba mwenendo wa barafu ya bahari kote Antaktika haukunyooka. Mwaka 2014 ilienea kuliko wakati wowote tangu setilaiti zianze kuipima mwishoni mwa miaka ya 1970, na wanaobeza ongezeko la joto duniani hupenda kuishia hapo. Hawataji kwamba tangu 2016 imepungua ghafla, na kwamba Februari 2023 ilishuka hadi kiwango cha chini kabisa kuwahi kupimwa.

Pengwini kaisari huweza kuishi miaka 20, hivyo mwaka mmoja mbaya hauliangamizi kundi. Hatari ni miaka mibaya inapofuatana, kama ilivyotokea Halley Bay, kundi lililokuwa la pili kwa ukubwa duniani, ambako tangu 2016 uzazi ulishindikana miaka 3 mfululizo. Wengi wa ndege hao walihamia Dawson-Lambton, mahali palipo jirani, jambo linalotia moyo kiasi, ingawa kuhama huko kunafaa tu iwapo barafu ya huko uendako ni imara kuliko ile uliyoikimbia.

Kuna na picha iliyopamba makala yenu, iliyomweka dubu mweupe na pengwini juu ya pande moja la barafu. Dubu huyo ni wa Aktiki, kaskazini. Pengwini kaisari ni wa kusini, na porini hawajapata kuonana. Naomba msahihishe yote mawili, picha na dai.

Msomaji wenu,
Morogoro