Barua kwa mwanangu: keki ya chokoleti yenye ramu, oka mbili

Marahaba mwanangu,

Meseji yako nimeipata, nikaona haya mambo kuyaeleza kwa simu hayatoshi, salio litaisha hata kwenye unga hatujafika, bora nikuandikie ukae nayo jikoni. Kwanza nimefurahi sana kusikia Krismasi ya mwaka huu ukoo wote mnaupokea nyie huko Kigamboni, afu keki umeamua uoke mwenyewe badala ya kuagiza. Unaitaka ile ya chokoleti ya leya mbili yenye ramu niliyokuwa nawaokea wageni pale hotelini mwisho wa mwaka. Nitakupa yote bila kukuficha kitu. Ila naanza na jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko unga na mayai: oka keki mbili. Moja ya ramu, moja isiyo na hata tone la pombe, na kila mtu aambiwe ipi ni ipi kabla hajashika sahani.

Najua utaniambia baba si ntawatangazia tu, asiyetaka asile. Hapana. Hebu wapange kichwani watakaokuja. Mama mkwe wako ameokoka, hagusi. Baba yako mdogo ameacha pombe na unajua ametokea wapi, unajua bibi yako alivyokuwa halali usiku akimsubiri, leo yule mtu anaingia kwako kwa miguu yake, msafi, halafu kitu cha kwanza anachowekewa mezani kina ramu ndani? Dada yako mjamzito. Watoto ndo usiseme. Na majirani zako wa ukuta mmoja ni Waislamu, hao hao waliokuletea hotpoti la pilau siku ya Idd, sasa Krismasi na wewe uwapelekee nini? Ukishawatoa wote hao unakuta keki imebaki ya wajomba zako na marafiki zako wa kazini, na keki ndo kitu cha sherehe, mtu akikaa pembeni anaangalia wenzie wanakata keki yeye hana chake basi sikukuu imeshampita.

Kuna kitu kingine kinachonifanya nisisitize. Hapa Dar tumezoea bleki foresti, kila bekari inayo, bethidei ina bleki foresti, kipaimara kina bleki foresti. Kule inakotoka Ujerumani ile keki inawekwa Kirschwasser, pombe kali ya cheri, na kwa taratibu zao keki isiyo na hiyo pombe hairuhusiwi kuuzwa kwa jina hilo. Za kwetu nyingi hazina, kwaiyo watu wamekua wanakula keki nyeusi yenye cheri juu bila kuuliza chochote. Mgeni wako akiona keki ya chokoleti hatofikiria pombe kabisa, atachukua kipande ampe na mtoto. Ndo maana jukumu la kusema ni lako mwenye nyumba, sio la mgeni kuuliza. Kumlisha mtu pombe bila yeye kujua ni kumdhulumu mwanangu, hata kama ni kijiko kimoja, hata kama hakulewa.

Na usidanganywe na wanaosema pombe inaishia kwenye moto. Inapungua, haiishi. Kwenye jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani chakula kilichookwa dakika 25 bado kinabaki na kama asilimia 45 ya pombe iliyowekwa, na hata kikichemka saa nzima bado robo ipo. Tena keki yetu ni zaidi, maana ramu haiingii kwenye oveni kabisa, tunainyweshea keki ikiwa imeshaiva. Ukiitia kwenye unga harufu yake yote nzuri inakimbia na mvuke unabaki na uchungu tu, hasara tupu.

Haya, tuingie jikoni.

Nunua kakao ya kuokea, isiyo na sukari. Soma pakti vizuri dukani, kuna ile ya kunywa imechanganywa sukari na maziwa, hiyo acha, keki inatoka na rangi ya udongo na utamu wa pipi. Kakao yetu wenyewe inalimwa Kyela, nyingi inauzwa nje, lakini ukiipata ya kwetu ichukue, ina harufu yake.

Kwa keki moja: sukari vikombe viwili, unga wa ngano kikombe kimoja na robo tatu, kakao robo tatu ya kikombe, bekingi pauda kijiko kidogo kimoja na nusu, bekingi soda nayo hivyo hivyo, chumvi kijiko kidogo kimoja. Chekecha vyote pamoja, kakao ina mabonge yasiyoonekana. Mayai mawili, maziwa kikombe kimoja, mafuta ya alizeti nusu kikombe, vanila vijiko vidogo viwili. Piga dakika mbili tu. Mwisho kabisa mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka, ukoroge taratibu. Hapo utashtuka, itakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, utataka kuongeza unga. Usiongeze! Wepesi ule ndo unaoifanya keki iwe na unyevu siku tatu mbele. Kwenye keki ya ramu yale maji yaweke kahawa, kijiko kikubwa kimoja cha Africafe ya Bukoba kinatosha, kahawa haitasikika kama kahawa, inaiamsha chokoleti tu. Ile nyingine maji matupu, watoto wana vurugu za kutosha bila kahawa.

Gawa kwenye tini mbili za inchi 9 ulizopaka mafuta na kutandika karatasi chini, oveni digrii 175 iliyokwisha kupata moto, dakika 30 hadi 35. Dakika 25 za mwanzo usifungue mlango. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu toa. Umeme ukikatika katikati usihangaike kufungua kuangalia, ule moto wa ndani unaivisha muda mrefu tu, na kama haujarudi kabisa mama yako anajua lile jiko la mkaa na sufuria ya mchanga, makaa kidogo chini, mengi juu ya mfuniko, keki za ndoa za zamani Temeke zote zimeiva hivyo.

Zikiiva ziache kwenye tini dakika kumi, zitoe, zipoe kabisa, halafu zifunge na nailoni ya kufunikia chakula zilale kwenye friji. Keki ya moto haikatiki wala hainyweshwi, inavunjika. Kwaiyo tarehe 23 unaoka, 24 unapanga, 25 inaliwa. Na ikikaa na ramu yake usiku mzima ndo vizuri, ule ukali wa siku ya kwanza unatulia na harufu inatembea hadi katikati.

Sasa shira. Hapa ndo keki yenyewe ilipo, kwaiyo twende polepole. Sukari nusu kikombe, maji nusu kikombe, chemsha mpaka sukari iyeyuke, epua. Acha ipoe iwe ya kugusika kwa kidole bila kuungua, HALAFU ndo utie ramu, vijiko vikubwa sita. Ukitia ikiwa inachemka utasikia jiko zima linanukia vizuri, na kile kinachonukia ndo kilichotakiwa kubaki kwenye keki. Tumia ramu nyeusi au brandi. Konyagi usiweke, ni kinywaji cha heshima zake lakini kina harufu ya ile pombe ya jini (gin), haipatani na chokoleti. Ukitaka kubana matumizi kuna mvinyo mwekundu mtamu wa Dodoma, unauchemsha na sukari na kijiti cha mdalasini mpaka unakuwa mzito kidogo, unapatana sana na kakao, ila nao ni pombe vile vile, uhesabu kwenye keki ya ramu.

Chukua kisu cha mkate, kata ule mlima wa juu ili keki ikae sawa. Toboa toboa na kijiti. Paka shira na brashi, anzia ukingoni uje katikati, maana ukingoni ndo panakauka kwanza. Paka, subiri inywe, paka tena. Utaona inabadilika rangi, inakuwa nyeusi zaidi na inang'aa, halafu ule mng'ao unazama. Ikifika mahali mng'ao hauzami tena, shira inasimama juu, acha hapo hapo, imeshiba. Sio lazima bakuli liishe.

Keki isiyo na pombe nayo inanyweshwa, usiiache kavu ikaonekana ni ya kubahatisha. Shira ile ile, ila wakati inachemka tia maganda ya chungwa na punje za iliki ulizoponda, chuja, ikipoa kamulia chungwa lenyewe. Nakwambia kuna watu watakula ya ramu na bado watarudi kwa hii.

Krimu ya siagi kwa Desemba ya Dar sikushauri, nyuzijoto mchana zinafika 31, 32, na watu wamejaa sebuleni, itateremka yote. Fanya ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa kwa krimu ya moto, ndo ya kujaza katikati ya leya na kupaka nje, na uifanye nzito: chokoleti gramu 500 kwa krimu mili 250, mbili kwa moja. Chokoleti iwe ya kweli, yenye siagi ya kakao. Zile za kompaundi wanazouza kwa vipande Kariakoo zinavumilia joto, nawaelewa wanaozitumia kwa keki za kusafirisha, lakini zimewekwa mafuta mengine badala ya siagi ya kakao na zinaacha utando kwenye ulimi, ramu yako haitasikika. Katakata chokoleti ndogo ndogo, chemsha krimu ikianza tu kutoa mapovu pembeni mimina juu, iache dakika tatu, koroga kuanzia katikati mpaka ing'ae. Ramu vijiko vikubwa viwili inaingia hapo mwisho, ikishakuwa laini. Ukitia ramu kidogo kwenye chokoleti iliyoyeyushwa peke yake bila krimu inagandamana inakuwa chengachenga, hata tone la maji linafanya hivyo, kwaiyo bakuli na mwiko viwe vikavu. Kama una Amarula kwenye friji unaweza kutoa robo ya krimu ukaweka yenyewe, ni asilimia 17 tu lakini ni pombe, usije ukaisahau ukaona ni maziwa.

Ganashi ya keki isiyo na pombe ITENGENEZE KWANZA. Nazungumza kwa uzito hapa. Tengeneza, jaza, paka, ifunike iingie friji, ndo ufungue chupa ya ramu. Brashi yake, bakuli lake, kisu chake. Jirani yako akikuuliza, uwe na uwezo wa kumwangalia usoni ukamwambia hii ni safi, na iwe kweli. Na vanila pia soma chupa, nyingi zinatengenezwa kwa pombe, tafuta isiyo nayo au tia iliki basi.

Kupamba: isiyo na pombe ijaze korosho zilizokaangwa juu na pembeni kote, ya ramu weka cheri tu, hapo hata mtoto wa miaka minne unamwambia ya korosho ndo yako na anaelewa. Na zikae meza tofauti, ya ramu iwe juu kwa wakubwa. Kabla ya kukata simama useme, sauti ya kusikika, hii ina ramu hii haina. Wa kuendesha gari kurudi Mbagala usiku nao watajua wachague ipi. Zitoe kwenye friji nusu saa kabla ya kuliwa, sio zaidi.

Kipande cha kwanza cha ile ya korosho mkate baba yako mdogo, mpelekee mwenyewe kwa mkono wako. Na sahani ya majirani itoke mapema kabla watu hawajaanza kuchukua, isiwe mabaki.

Mama yako anasema mkeo asinunue tini, nitampa bodaboda tini zangu nne Jumamosi asubuhi pamoja na mizani. Zioshe na sponji laini, usitumie stili waya. Ramu nunua mwenyewe. Mimi na mama yako tutavuka na pantoni tarehe 24 mchana, kama shira hujaipaka nisubiri tuipake wote.

Baba yako