Vipimo vya daraja la Pangani vionyeshe na maumbo ya mtetemo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja moja kuhusu daraja la Mto Pangani, ambalo sisi watu wa Tanga tumelisubiri kwa hamu kwa kuwa linatuondolea foleni ya pantoni ya kwenda Bweni.

Ilivyozoeleka, anayetaka kuthibitisha kwamba hesabu za kompyuta zinaafikiana na daraja lenyewe hulinganisha marudio ya mtetemo: hesabu zikisema mara mbili kwa sekunde na kipimo kikasema karibu hivyo hivyo, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Haijaisha, kwani mtetemo wa daraja kunepa juu na chini na ule wa kujisokota, ukingo mmoja ukipanda huku wa pili ukishuka, yaweza kuwa na marudio yanayokaribiana mno, na asiyetazama umbo la mtetemo, yaani jinsi daraja linavyopinda linapotetemeka, ataoanisha kipimo cha mmoja na hesabu ya mwingine. Daraja la Tacoma Narrows la Marekani, lililozoeleka kwa kunepa, lilianguka tarehe 7 Novemba 1940 likijisokota.

Kigezo cha kulinganisha maumbo hayo kipo tangu 1982, kilipoelezwa na Allemang na Brown, nacho huitwa kwa kifupi MAC (Modal Assurance Criterion). Hutoa namba kati ya 0 na 1, 1 ikimaanisha maumbo mawili yanalingana kabisa, na wahandisi wengi huridhika ikivuka 0.9, nami naona huridhika mapema mno. Chukua mhimili mmoja uliolala juu ya nguzo mbili, uweke vihisi, yaani vifaa vya kupima mtetemo, kwenye robo, nusu na robo tatu ya urefu wake. Ukiyapanga maumbo yake kuanzia lenye marudio madogo zaidi, umbo la tatu litasomeka 0.71, -1, 0.71, na la tano -0.71, 1, -0.71; na kwa kuwa MAC haijali kugeuka kwa alama, itatoa 1 kamili kwa maumbo mawili yasiyofanana hata kidogo! Vivyo hivyo, vihisi vikipangwa ukingo mmoja tu, kunepa na kujisokota vitasomeka sawasawa.

Kwa hiyo nawaomba wahusika, iwe kwa vipimo vya awali au vya ukaguzi wa baadaye, waweke vihisi kingo zote mbili, na ripoti iambatane na jedwali zima la MAC, linalolinganisha kila umbo la hesabu na kila umbo lililopimwa, pamoja na mchoro wa mahali kila kihisi kilipokaa.

Mhandisi,
Tanga.